Mtu Mmoja au Wawili? Mwenda Jean Bosco na Gita Lake

Ndugu msomaji, kama uliwahi kusafiri kutoka Malindi kwenda Lamu kabla Garsen haijapata daraja, basi huna haja ya kuelezwa maana ya kusubiri. Mto Tana haukuwa na haraka na mtu. Feri ilivutwa kwa mikono kutoka ng'ambo hii hadi ng'ambo ya pili, magari yalijipanga juani, na abiria walishuka kutafuta kivuli na chai. Chai hiyo aghalabu waliinywa katika hoteli ya babu yangu mzaa mama. Hoteli yenyewe ilikuwa banda la makuti, meza tatu na jiko la kuni nyuma, nami nilikuwa mtoto wa kupokea vikombe na kuviosha.

Hapo ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza mtu ninayetaka kumwandika leo, marehemu Mwenda Jean Bosco wa Katanga, mpiga gita ambaye mpaka sasa sijapata kumsikia wa kufanana naye. Nimewasikia wengi. Huku pwani tulikuwa na Fundi Konde, mwana wa Kilifi, na mkono wake laini uliojaa mapatano ya sauti ya kisasa. Tulikuwa na Fadhili William wa Taita. Wote nawapenda na wote nawaheshimu. Lakini Bosco alinifanyia jambo ambalo hawa wengine hawakunifanyia: alinitia katika ubishi ambao ulidumu nyumbani kwetu miaka mingi, na ambao mwisho wake sikuupenda.

Mjomba wangu alikuwa na gramafoni ya kukoroga kwa mkono, aliyoinunua Mombasa pamoja na gita kuukuu. Babu hakuvipenda vitu hivi viwili hata kidogo. Yeye ndiye aliyekuwa akiadhini katika msikiti wetu mdogo, na aliona si uzuri nyumba ya muadhini kutoka sauti za nyuzi. Lakini alikuwa pia mtu wa biashara, na aliona kwamba santuri ikilia abiria hukaa na kuagiza kikombe cha pili. Basi wakapatana: gramafoni ikae nje chini ya mwembe, na ifungwe kabla ya kila adhana. Gita alilikubali kwa masharti magumu zaidi, lisilie mchana.

Santuri ya Bosco iliyofika kwetu ilikuwa ya Masanga. Zile santuri nzito za zamani zilichukua kama dakika tatu tu kila upande, na mjomba aliikoroga gramafoni mara tano au sita mfululizo mpaka akina mama wakalalamika. Tulichokisikia kilikuwa hivi: chini palikuwa na nyuzi nene zikitembea kwa utulivu, hatua kwa hatua, kama mzee arudiye kutoka shamba. Juu yake nyuzi nyembamba zilikuwa zikicheza, zikiruka katikati ya hatua hizo, zikitangulia na kuchelewa, zikisema neno na kulijibu. Halafu juu ya yote hayo ikaja sauti ya mtu aimbaye bila kujikaza, kana kwamba yuko kibarazani kwake anajiimbia.

Mjomba alisikiliza siku mbili kisha akatoa hukumu. Alisema hayo ni magita mawili. Mmoja anapiga chini, mwingine anapiga juu, na huenda wa tatu ndiye aimbaye. Wavutaji wa feri waligawanyika makundi mawili. Wengine walimuunga mkono. Wengine, hasa mzee mmoja wa Kipokomo aliyejua ngoma vizuri, walisema ni mtu mmoja tu, kwa kuwa watu wawili hawawezi kupumua pamoja namna ile. Mimi nilikuwa upande wa mjomba. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hana upande mwingine.

Sasa niache kidogo habari za kwetu nieleze huyu mtu alitoka wapi, maana asili yake haiko mbali na sisi watu wa pwani kama wengi wanavyodhani.

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, katika Katanga, kusini mashariki ya Kongo. Bunkeya si kijiji cha kawaida. Katika karne ya kumi na tisa ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Msiri, mfanyabiashara wa Kinyamwezi aliyetoka Unyamwezi, nchi iliyo Tanzania ya leo, kufuata shaba na pembe za ndovu, akaishia kuwa mtawala mkuu wa nchi ile. Watu wake ndio waitwao Wayeke, na ndiyo sababu Bosco aliitwa pia Mwenda wa Bayeke. Misafara ya biashara ya Msiri ilifungamana na ya pwani yetu. Na hata kifo chake kina mkono wa pwani ndani yake, kwa kuwa msafara wa Kapteni Stairs uliokwenda kumwondoa ulianzia Zanzibar mwaka 1891, na waliobeba mizigo yake wengi walikuwa watu wa huku. Msiri alipigwa risasi mwezi wa Desemba mwaka huo, na Katanga ikaangukia mikononi mwa Mfalme wa Wabelgiji.

Zikaja reli na migodi. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na watu wa makabila mengi wakamiminika katika miji ya shaba, Elisabethville ambayo sasa ni Lubumbashi, na Jadotville ambayo sasa ni Likasi. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Lakini ni Kiswahili cha migodini, msomaji, si cha Lamu. Sisi Garsen tulipomsikia Bosco akitamka maneno yake tulicheka. Mke alikuwa muke, kitambaa kilikuwa tambala, na upatanisho wa sentensi ulikwenda upendavyo. Babu, ambaye alijifanya hasikilizi, alisema kutoka jikoni kwamba mtu huyo angefaa kupelekwa Lamu akafundishwe kusema. Leo nikikumbuka naona tulikosea. Kiswahili kile kilikuwa kimefika mahali ambapo hakuna jahazi lililowahi kutia nanga, na kimepata watu wakipende na kukiimbia. Hilo lingetufurahisha badala ya kutuchekesha.

Katika miji ile ya shaba gita lilikuwa chombo cha kijana mwenye mshahara wa kwanza. Liliingia pamoja na wafanyakazi waliotoka mbali, na pamoja na santuri za Cuba zilizokuwa zikiuzwa Kongo nzima. Bosco aliyasikia hayo yote. Alikuwa ameimba katika kwaya ya kanisa, maana alikuwa Mkristo kama jina lake lionyeshavyo, na nyuma ya hayo palikuwa na ngoma na nyimbo za kwao Bunkeya. Alikuwa akipiga gita barabarani Jadotville, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, alipokutwa na Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia Afrika ya Kusini na ambaye maisha yake yote aliyatumia kuzunguka na mitambo yake akinasa muziki wa Kiafrika. Tracey alijua mara moja amekutana na nini. Masanga ilipewa tuzo ya muziki bora wa Kiafrika wa mwaka 1952, na santuri za Bosco, zilizotolewa kwa alama ya Gallotone, zikaenea kutoka Afrika ya Kusini mpaka huku kwetu. Ndiyo njia iliyoifikisha moja wapo chini ya mwembe wa Garsen.

Jina lenyewe la wimbo huo lilitusumbua. Wengine walidhani ni jina la mwanamke. Baadaye nikaelezwa na Mkongo mmoja kwamba kwao masanga njia ni pale njia zinapokutana, yaani njia panda. Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu, kwa kuwa kama kuna mahali panapostahili jina hilo ni Garsen, ambako njia ya Malindi, njia ya Lamu na njia ya kwenda juu Hola zinakutana, na Mpokomo mwenye ndizi anakutana na Muorma mwenye ng'ombe.

Nirudi kwenye gita. Watu wengi hulipiga gita kwa kukwaruza nyuzi zote pamoja, na wengine huchagua uzi mmoja mmoja kwa kipande cha plastiki, kama vile mpiga udi anavyotumia unyoya. Bosco hakufanya hivi wala vile. Mkono wake wa kulia ulitumia vidole viwili tu, gumba na kile cha shahada. Gumba liliachiwa nyuzi za chini, na shahada ikachukua nyuzi za juu. Vidole vingine vitatu havikuwa na kazi. Kwa maneno ni jambo jepesi. Ugumu ni kwamba kila kidole kilikuwa na hesabu yake. Gumba halikungoja shahada, wala shahada haikumfuata gumba, lakini kila baada ya muda vilikutana pale pale vilipopaswa kukutana, kama watu wawili waliopita vichochoro tofauti wakatokea kwenye mlango mmoja.

Tena hakurudia jambo kwa namna ile ile. Ukisikiliza Masanga kwa makini utaona kila mzunguko una badiliko dogo, uzi mmoja umeongezwa, pumzi moja imekatwa, sauti moja imecheleweshwa. Mtaalamu David Rycroft alikaa na santuri hizo akaziandika kwa alama za muziki, uzi kwa uzi, na kuzichapisha katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Kazi hiyo yote ilikuwa kwa ajili ya mambo ambayo mtu mmoja aliyabuni papo kwa papo kwa vidole viwili. Na bado nasema kitu kimoja hakiandikiki, nacho ni ule utulivu. Wapiga gita hodari wengi hutaka uujue uhodari wao. Huyu hakukutaka chochote. Mambo magumu aliyapitisha kimya kimya, na mtu asiyejua gita angeweza kudhani ni wimbo rahisi.

Watu wa Tana wasistaajabu kwamba wimbo wa kijijini waweza kufika mbali hivyo. Wimbo wa taifa letu la Kenya, uliotungwa mwaka 1963, umejengwa juu ya wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo. Tunasimama wima kwa heshima kila siku kwa sauti ambayo mama fulani alimlazia mwanawe kando ya mto huu.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini Bosco alikuja Nairobi, akakaa kwa muda na kupiga katika vipindi vya redio. Ziara hiyo haikuwa ndefu, lakini athari yake ilikuwa kubwa. Vijana wa Kenya waliokuwa wamemjua kwa santuri tu sasa walimwona, na aliyemwona akaenda kumwonyesha asiyemwona. Mkatanga mwenzake Edouard Massengo naye aliingia Kenya akawa mtu wa huku. Nenda magharibi ya nchi ukasikilize gita la vidole la miaka ile, na ile chupa ya soda ikigongwa pembeni, utasikia kwamba Katanga ilipita hapo.

Sisi tulikuwa mbali na Nairobi. Mjomba alikuwa na jambo lake. Kwa kuwa aliamini magita ni mawili, alikuwa ameamua kwamba mtu mmoja hawezi kuupiga wimbo ule, na kwa hiyo alihitaji mwenzake. Mwenzake nikawa mimi. Alinitafutia gita la pili, bovu, la nyuzi nne, tukawa tunakaa nyuma ya hoteli baada ya Isha, yeye akipiga chini nami nikijifunza juu. Ilituchukua muda mrefu. Vidole vyangu vilitoka malengelenge, na babu alipoyaona alinikumbusha kwamba kidole kile Mwenyezi Mungu amekipa kazi ya kushuhudia, si ya kuchezea waya. Lakini hakunikataza. Na mwishowe tukaupata. Si kama Bosco, la hasha, lakini mtu akipita angejua ni wimbo gani. Mjomba alikuwa akinitazama tu, bila kusema neno, na mimi nilikuwa najua lini niingie.

Kisha ikaja mvua ya mwaka 1961. Waliokuwapo wanaikumbuka. Tana ilivunja kingo zake, mashamba yakazama, njia zikakatika, na magari yaliyokuwa Garsen yakabaki Garsen. Miongoni mwa waliokwama alikuwa dereva mmoja wa lori aliyetoka Nairobi. Usiku mmoja alitusikia tukipiga, akaja akakaa, akatusifu sana. Halafu akauliza kwa nini tunapiga wawili. Mjomba akamweleza. Yule dereva akasema yeye mwenyewe amemwona Bosco kwa macho yake Nairobi, na ni mtu mmoja, gita moja. Akanyoosha mkono wake wa kulia mbele ya taa, akakunja vidole vitatu, akatuonyesha viwili vilivyobaki.

Yule mzee wa Kipokomo alicheka kwa furaha ya mtu aliyekuwa na haki tangu zamani. Mjomba hakucheka. Alimwomba dereva aonyeshe tena.

Tangu usiku huo mjomba alijaribu peke yake. Maji yalipopungua na magari kuondoka alikuwa bado akijaribu. Alipata gumba, akapoteza shahada. Alipata shahada, gumba likaanza kuifuata kama mtoto afuataye mamaye. Sijui alijaribu miezi mingapi. Najua kwamba hakuniita tena kukaa naye nyuma ya hoteli, na mimi, kwa aibu ya kitoto, sikumwomba. Alikuwa na wimbo mzima mikononi mwake pamoja nami, na akauacha kwa sababu mtu mmoja huko Jadotville aliweza kuupiga peke yake. Mwaka uliofuata nilipelekwa Mombasa kusoma.

Bosco mwenyewe hakuishi maisha ya mfalme wa muziki. Alifanya kazi za ofisini, katika benki na katika kampuni ya migodi, aliongoza bendi, na alikuwa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Nchi yake ilipata uhuru mwaka 1960 na Katanga ikaingia vitani mara hiyo hiyo. Majina ya miji yalibadilishwa, na Katanga ikaitwa Shaba kwa miaka ishirini na zaidi. Gita la umeme likafunika kila kitu, na muziki wa Kinshasa ukawa ndio muziki wa Kongo katika masikio ya watu. Mtu mmoja na gita lake kavu akaonekana ni kitu cha kale. Lakini waliojua walijua. Mwaka 1969 alialikwa Marekani katika tamasha la Newport, akapiga mbele ya watu ambao hawakufahamu neno moja la Kiswahili chake. Mwaka 1979 mpiga gita wa Kiingereza, John Low, alifunga safari mpaka Shaba kuwatafuta wazee wa gita la vidole, naye Bosco akiwa miongoni mwao, akaja kuandika kitabu juu ya safari hiyo. Mwaka 1982 Bosco alikwenda Ulaya, na mwaka 1988 alirekodi tena Afrika ya Kusini, nyimbo zake za ujanani zikipigwa na mkono wa mtu mzima. Nimezisikia. Mwendo umepungua kidogo, lakini gumba na shahada bado kila mmoja ana hesabu yake.

Alikufa kwa ajali ya gari mwezi wa Septemba mwaka 1990, akiwa na umri wa miaka sitini.

Habari hiyo ilinifikia kwa kuchelewa sana, nikiwa kazini, kwa mdomo wa mtu aliyefikiri nilikwisha kuijua. Mwisho wa mwezi nilikwenda Garsen. Babu alikuwa amekwisha kufariki, hoteli ilikuwa ya watu wengine, na mjomba alikuwa mzee mwenye macho hafifu akikaa kwa binti yake. Nilimwambia Bosco amekufa. Alinyamaza, kisha akauliza kama ni maradhi. Nikamwambia ni gari. Akasema basi amekufa njiani, na akamtuma mjukuu ndani.

Mtoto alitoka na lile gita la zamani. Lilikuwa na nyuzi tano. Mjomba alilifuta vumbi kwa kanzu yake, akalikaza kwa muda mrefu, akaanza kupiga sehemu ya chini, ile ile, hatua kwa hatua. Alipiga mizunguko miwili mitatu kabla sijaelewa kwamba ananingoja. Sikuwa na gita. Nikasogeza kiti changu karibu na chake mpaka magoti yakagusana, nikanyoosha mkono nikazipiga nyuzi za juu za gita lile lile alilolishika yeye, kwa kidole changu cha shahada kilichozoea kalamu. Nilikosea mahali pengi. Hakusimama kunirekebisha. Tulikuwa tumefika karibu na katikati ya wimbo adhana ya Magharibi ilipoanza, akaweka kiganja chake juu ya nyuzi zikanyamaza, akamwita mjukuu amletee maji ya kutawadha.